Cheti cha Zuhura

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizisahau nyingine zote, yenyewe hainitoki. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, mfuko wa damu mikononi mwangu, na mwalimu wangu amenyoosha mkono anasema, "Lete." Nami siuachii.

Lakini nikianzia hapo nitakupoteza. Ngoja nikupeleke taratibu, maana mama yako alikuja juzi hapa Mitwero akaniambia kwamba Kemia imekuangusha kidato cha nne, na kwamba kuna mtu amekuahidi kukuingiza chuo cha uuguzi kwa cheti cha binti mwingine. Sikumjibu kitu. Nilimkaribisha chai, tukazungumza habari za korosho, akaondoka. Jibu lake ni hili ninalokupa wewe.

Mimi nilizaliwa Nyangamara, nikaitwa Somoe, binti Issa Mnali. Baba yangu alikuwa na mdogo wake, Hamisi, na huyo Hamisi alikuwa na binti aliyeitwa Zuhura. Tulilelewa pamoja, tukasoma pamoja, tukafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja. Zuhura alifaulu. Mimi nilianguka. Biolojia niliipata kwa shida, Kemia sikuipata kabisa, na bila hizo mbili mlango wa uuguzi ulikuwa umefungwa. Nami tangu utoto sikutaka kazi nyingine. Nilikuwa nimemwona nesi wa zahanati akimfufua mtoto aliyezaliwa kimya, akampuliza na kumsugua mgongo mpaka akalia, na toka siku ile nikawa siwazi jingine.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Lindi yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni na mitumba, watu wakapumua, lakini pia maneno mapya yakaingia: kuchangia huduma, kupunguza wafanyakazi. Kila mtu alikuwa na haraka. Aliyechelewa aliona kama gari linamwacha barazani na mizigo yake. Na mimi nilikuwa miongoni mwa wenye haraka.

Barua ya kuitwa chuo cha uuguzi ikamkuta Zuhura kachumbiwa. Mchumba wake alikuwa mfanyabiashara, akinunua korosho huku na kuuza vitenge kule, na alisema wazi hataki mke wa kulala hospitali. Basi baba mdogo Hamisi akaja kwetu na bahasha mbili, moja ya barua na moja ya cheti, akaziweka juu ya mkeka.

"Kaka," akamwambia baba, "nafasi hii ipotee? Somoe ni mwanangu kama Zuhura. Na karatasi haina macho."

Ni kweli, vyeti vya wakati ule havikuwa na picha. Baba alizigeuzageuza zile bahasha, hakusema ndiyo wala hapana. Mama peke yake ndiye aliyeuliza, "Na akiitwa jina, ataitika nani?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, mwanangu, tena kwa sauti.

Chuo chenyewe silitaji jina lake. Kilikuwa huku huku kwetu kusini, pamoja na hospitali yake, na mafunzo yalikuwa miaka mitatu: mwishoni mtihani, kisha jina lako linapelekwa kwenye Baraza la wauguzi, unasajiliwa, unapewa leseni. Muuguzi aliyesajiliwa! Nilikuwa nikilitamka neno hilo peke yangu nikifua sare zangu.

Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na usinikunjie uso, wao ndio waliosema. Wiki ya kwanza niliitwa darasani mara tatu sikuitika, wenzangu wakadhani mimi ni kiziwi. Nikajizoeza. Nilikuwa nikitembea huku nikijiita moyoni, Zuhura, Zuhura. Barua za nyumbani ziliandikwa jina hilo, na mama, ambaye alimwomba mtu amwandikie, alikuwa hana la kusema ndani yake. Unamwandikia vipi mwanao kwa jina la mwana wa mwenzio? Nilipata alama nzuri, si kwamba nilikuwa mvivu. Usiku nilisoma Kemia mpaka nikaielewa, ile ile iliyonishinda. Ila raha sikuwa nayo. Nikisikia tu wodini mtu anazungumza kwa lafudhi yetu ya Kimwera, natafuta ndoo, najifanya nakwenda kumwaga maji.

Siku moja alilazwa mzee wa jirani yetu kabisa, mzee aliyenibeba nikiwa mdogo. Nilikuwa napita na trei ya dawa. Akainua kichwa kwenye mto, "Somoe! Mjukuu wa Mnali! Nipe maji, mwanangu." Nilimsikia vizuri. Nikapita. Nikamwambia mwanafunzi mwenzangu ampelekee maji yule mzee wa kitanda cha dirishani, mimi nina kazi. Alipona akarudi kijijini, akasema huko kwamba mtoto wa Issa amesoma sana hata hawajui watu. Hilo jambo nililijutia kabla hata ya lile kubwa, lakini majuto hayakunitosha kuniondoa mahali nilipokuwa. Niliona nimeshavuka mto nusu. Kurudi na kuendelea ni maji yale yale.

Mkuu wa wodi ya wazazi, ambaye pia alikuwa mwalimu wetu wa ukunga, alikuwa mama mmoja wa Kimakonde, Anastazia Nankoma. Mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo. Hakupata kutugombeza mbele ya wagonjwa. Alikuwa na tabia moja: kila unapompa mgonjwa dawa alisimama nyuma yako mpaka uandike jina lako kwenye chati. "Saini," anasema, "kisha ndiyo uondoke." Kila niliposaini mbele yake mkono ulikuwa unaniuma kama nimebeba kuni.

Basi zikabaki wiki chache tufanye mtihani wa mwisho. Asubuhi moja lori la korosho likaingia hospitalini hadi mlango wa wazazi. Wakashusha mwanamke kwenye godoro, khanga zote zimelowa damu. Mimi na mwenzangu Editha tulikuwa zamu. Nikamshika miguu, Editha mabega, na nilipomtazama usoni nikamwona Zuhura.

Alikuwa na mimba ya miezi minane. Kondo la nyuma lilikuwa limeanza kuachia. Midomo imekuwa ya kijivu. Akafungua macho, akaniona, akasema kwa sauti ya mtu aliyefika kwake, "Somoe."

"Anamwita nani?" Editha akauliza.

"Sijui," nikasema. "Labda dada yake."

Mwanangu, sikiliza vizuri. Ndugu yangu alikuwa anatoka damu mikononi mwangu, ameniita kwa jina langu, na mimi nikasema sijui.

Mumewe akatoa jina la mgonjwa: Zuhura Hamisi Mnali, wa Nyangamara. Editha aliandika, akainua kalamu, akanitazama. "Jina lako hili!"

"Ni ndugu," nikasema. "Kwetu majina yanarudiwa."

Hapakuwa na wakati wa kuuliza zaidi. Daktari akasema aende chumba cha upasuaji mara moja, na damu itafutwe. Editha akamtoa mgonjwa damu ya kupima, akaandika jina kwenye chupa. Mama Nankoma akatuuliza wanafunzi nani yuko tayari kuchangia, nikawa wa kwanza kukunja mkono wa sare. Nadhani nilitaka kulipa kitu. Editha akanitoa na mimi damu ya kupima. Na kwenye chupa yangu akaandika jina alilolijua yeye: Zuhura Hamisi Mnali.

Zote mbili zikapelekwa maabara pamoja.

Nilitumwa kwenda kuchukua majibu. Mtu wa maabara, mzee mtaratibu wa kuvaa miwani, alinipa mfuko wa damu kupitia dirishani, na karatasi: Zuhura Hamisi Mnali, kundi B. "Mmeniletea chupa mbili za mgonjwa mmoja," akanilalamikia. "Nimepima hii ya juu, nikaioanisha na mfuko uliokuwapo kwenye friji, imekubali. Nendeni mbio."

Nyuma yake kwenye kibao nikaiona chupa ya pili, haijaguswa, ina jina lile lile.

Mimi ni kundi B. Nililijua tangu mwaka wa kwanza. Basi chupa aliyoipima ilikuwa ya nani? Ilikuwa yangu au ya Zuhura? Kama ni yangu, ule mfuko ulikuwa ni sumu. Tulifundishwa: mtu ukimwekea damu isiyo ya kundi lake, anaweza kutetemeka, figo zikafunga, akafa mbele yako.

Nikaanza kutembea. Ukumbi ule ulikuwa mrefu, una sakafu ya saruji nyekundu, na mimi nilikuwa natembea na kujiambia: huenda naye ni B. Ni ndugu, babu yetu mmoja. Huenda aliyopima ni yake. Zimebaki wiki chache. Mungu ni mwingi wa rehema. Kila hatua nilikuwa natafuta sababu nyingine ya kuendelea na hatua inayofuata. Usidhani kwamba mtu mbaya anajijua kuwa mbaya wakati ule, mwanangu. Anajiona ni mtu mwenye shida tu.

Ndipo nikafika kwenye ule mlango, na Mama Nankoma akanyoosha mkono. "Lete."

Sikuachia.

"Zuhura, lete damu. Shinikizo linashuka."

"Mama," nikasema, "mimi si Zuhura."

Akanitazama.

"Zuhura ni huyo aliyelala. Mimi naitwa Somoe. Chupa waliyopima huenda ni yangu."

Alinitazama kwa muda wa pumzi moja, si zaidi. Akauchukua mfuko mkononi mwangu akauweka pembeni, akaingia ndani, akatoka na chupa ya damu mpya aliyoitoa mwenyewe kwenye mkono wa mgonjwa, akaiandika namba ya kitanda badala ya jina, akampa Editha. "Kimbia."

Editha alirudi. Kundi O.

Chupa iliyopimwa ilikuwa yangu. Damu yake ikapatikana, dereva wa lori alikuwa O, na Editha mwenyewe. Zuhura alipona. Mtoto alitolewa amekwisha kufariki. Daktari alisema alikuwa amefariki kabla lori halijafika, na sina sababu ya kumkanusha daktari. Lakini bado najiuliza, hata leo nina mvi, kuhusu dakika zile nilizotembea ukumbini. Wapo watakaokwambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Mimi siwezi kusema hivyo.

Kesho yake Mama Nankoma akaniita ofisini. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama," akaitika, "Marahaba," kama siku zote, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Nikapiga magoti. Nikamwambia jambo hili hospitalini wanalijua watu watatu tu, yeye, Editha na mzee wa maabara. Nikamwambia zimebaki wiki chache. Nikamwambia alama zangu anazijua.

"Alama zako nazijua," akasema. "Wewe nilikuwa sikujui."

Akaniinua.

"Mwanangu, mimi nilianza na fagio. Nilifagia wodi mwaka mzima. Nikawa msaidizi, nikaosha vyombo vya wagonjwa. Nikasomea cheti, nikafanya kazi vijijini, ndipo nikarudi chuo mara ya pili nikasajiliwa nikiwa na watoto wanne. Wewe kwa nini hukurudia mtihani?"

"Niliogopa kuchelewa, Mama."

"Sasa umechelewa miaka mitatu."

Akaketi nyuma ya meza yake.

"Unajua kwa nini nawasimamia mtie saini? Mgonjwa akiharibikiwa, tunafungua chati, tunauliza nani alimpa dawa. Jana angekufa yule, tungefungua chati tukakuta nani amemuua? Amejiua mwenyewe, jina ni lake." Akafuta meza yake kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Nikikuficha leo, mimi ndiye nitakayekuwa nimekuandikia cheti cha uongo cha pili. Nenda kwa mkuu wa chuo ukaseme mwenyewe. Nitakwenda nawe."

Nilifukuzwa. Yeye ndiye aliyesimama akaniombea nisipelekwe polisi, akasema aliyejitaja mwenyewe si sawa na aliyekamatwa. Nikapanda gari kurudi Nyangamara na sanduku langu, bila cheti, bila sare.

Sitakueleza aibu ya miezi ile. Baba mdogo Hamisi hakukanyaga kwetu mpaka mwezi wa Ramadhani. Zuhura ndiye aliyenifuata, bado anatembea kwa kushika kiuno. Nikamwomba msamaha kwa kulikana jina langu alipoliita. Akasema, "Na mimi nilikupa kitu ambacho si cha kupeana. Nilidhani nakupa karatasi." Tukalia pamoja kwa ajili ya mtoto.

Kijijini Kilangala walikuwa wanatafuta mhudumu wa zahanati, kazi ya kufagia na kuchota maji. Nikaenda. Wenye kazi kama hiyo walikuwa wakipunguzwa kila mahali, nikaambiwa nianze kwa kujitolea, nikakubali. Baadaye nikahamia hapa Mitwero kwa shangazi, nikawa mchana nafua mashuka ya hospitali, jioni nakwenda twisheni kukaa na watoto wa sekondari, mimi mkubwa kuliko wote. Nikajiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilifundishwa Kemia miaka mitatu ya udanganyifu na bado karatasi ya kwanza ikanishinda, kwa hofu tu. Hata jina langu nililiandika nikalifuta mara mbili. Nikarudia tena. Nikapata.

Kutoka hapo nikaomba chuo kwa jina langu, nikapewa nafasi ya mafunzo ya cheti, si ya stashahada. Miaka miwili. Nikafanya kazi bara huko, zahanati ambayo mimi ndiye nesi, mkunga na mfagiaji. Nikaomba ruhusa ya kujiendeleza, nikakataliwa, nikaomba tena, nikapewa. Nikasoma stashahada nikiwa na mtoto mgongoni. Siku jina la Somoe Issa Mnali lilipokubaliwa na Baraza, wenzangu niliowaacha chuoni walikuwa wameshakuwa wakuu wa wodi. Editha alikuwa mmoja wao. Akaniandikia barua, akaanza na "Mpendwa Somoe", nikaisoma nimesimama.

Basi neno langu ni hili, mwanangu, nalisema wazi usije ukasema bibi alizungukazunguka. Usichukue cheti cha mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu kifo chenyewe huwa si chako, ni cha mtu aliyelala mbele yako akikuamini. Kuanguka Kemia si kuanguka maisha. Ni karatasi moja, inarudiwa. Ukiitwa cheti badala ya stashahada, nenda, usione ni dogo. Kutoka cheti unapanda stashahada, kutoka stashahada wapo wanaopanda hadi shahada. Ukikosa vyote mwaka huu, kafagie wodi, utajifunza kuwatazama wagonjwa usoni, jambo ambalo vitabu havifundishi. Na chuo chochote kitakachokuita, kwanza ulizia kama kinatambuliwa na Baraza, maana siku hizi vibao ni vingi kuliko walimu. Atakayekwambia ipo njia fupi, mwulize hiyo njia inapita juu ya nani.

Najua una hofu ya kuachwa. Nami nilikuwa nayo, ndiyo iliyonifikisha pale mlangoni. Hofu hiyo haiondoki kwa kukimbia. Inapungua ukianza kazi iliyo mbele yako. Jumatatu njoo na matokeo yako halisi, hata yawe mabaya vipi. Kemia siiwezi tena, macho yamechoka, lakini yupo mwalimu mstaafu nyumba ya tatu kutoka hapa ambaye ananidai chai siku nyingi, atakufundisha.

Mungu akufungulie kwa wakati wake, si kwa wakati wa watu. Akupe uvumilivu wa kurudia, na ulimi wa kusema kweli kabla hujaulizwa. Awaponye wale watakaopita mikononi mwako, na akujaalie, siku utakayozeeka kama mimi, ulale bila kuhesabu hatua. Amin, mwanangu. Amin.